Ufa Unakokomea

Mama zetu wa pwani, waendapo sokoni kununua chungu, hawayaamini macho peke yake. Hukiinua kwa mkono wa kushoto, wakakigonga kwa kifundo cha kidole cha mkono wa kulia, kisha wakanyamaza kidogo wakisikiliza, kwani chungu kizima hulia mithili ya kengele ndogo, na chungu chenye ufa, hata ule ambao jicho halijaubaini, hujibu kwa sauti nzito iliyokufa. Sikudhani asilani kuwa elimu hii ya jikoni ingenirudia utu uzimani, katika ua wa gereji moja huko Muheza, mbele ya trekta la ami yangu. Fundi, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi, aliinama akaigonga bloku ya injini kwa nyundo ndogo, mahali baada ya mahali, kwa utaratibu ule ule wa mama mnunua chungu. Na nyundo ilipofika ubavuni, chini ya bomba la moshi, sauti ikafa. Fundi hakusema neno. Alimtupia jicho dereva, naye dereva akainamisha kichwa.

Trekta lenyewe lilikuwa Massey Ferguson 35, lenye injini ya dizeli ya Perkins ya silinda tatu, lililoundwa Coventry, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1960, likapita katika mikono mingi kabla ya kumwangukia ami, ambaye alilitumia kulima mahindi yake na ya majirani kwa ujira, akalipenda kwa kadiri mtu awezavyo kukipenda kitu kisicho na roho. Siku ya msiba, dereva, aliyelelewa nyumbani mwetu tangu udogo wake, alikuwa akilima katika jua la saa saba, siku chache kabla ya masika. Mpira wa chini wa rejeta ukapasuka, maji yakamwagika ardhini pasina yeye kujua, maana saa ya kuonyesha joto ilikuwa imekufa zamani, na alipotanabahi injini ilikuwa imekwisha kupoteza nguvu na kunuka harufu ya rangi inayoungua. Hapo alifanya yote ambayo mtu mwenye bidii angeyafanya: alizima injini, akaufunga mpira kwa ukanda wa tyubu, akakimbia kisimani, akarudi na debe la maji, akayamimina. Ndipo aliposikia mlio mdogo, asema mwenyewe, kama wa kifuu cha nazi kilichokanyagwa gizani. Basi kosa lake, likipimwa kwa insafu, lilikuwa kosa la huruma: aliona kitu kina kiu, akakinywesha.

Ili tufahamu ni vipi maji ya kisima yaweze kukivunja kile ambacho moto wa dizeli haukukivunja kwa miaka yote ile, hatuna budi kukijua chuma chenyewe. Bloku ya injini haikufuliwa, ilimiminwa. Chuma huyeyushwa, kwa joto la takriban nyuzi 1,200, kikamiminwa katika kalibu ya mchanga iliyokwisha kutengenezewa nafasi ya silinda zote na njia zote za maji, na kigandapo, umbo ambalo mhunzi asingeliweza kulifua kwa umri wake mzima huwa limezaliwa kwa mara moja. Kuyeyuka kwake kwa joto hilo, ambalo limepungua kwa zaidi ya nyuzi 300 kuliko lile liyeyushalo chuma safi, kwatokana na kaboni iliyomo ndani yake, aghalabu baina ya sehemu mbili na nusu na sehemu nne katika kila mia. Na kaboni hiyo, chuma kipoapo taratibu, hujitenga ikawa magamba membamba ya grafati, yaani kile kitu cheusi tuandikiacho katika kalamu tunayoiita ya risasi, ilhali haina risasi hata chembe.

Magamba hayo ndiyo neema ya chuma cha kalibu, na ndiyo maradhi yake. Humeza mtetemo, hata injini ikanguruma mchana kutwa bila kujitikisa ikaachana. Hulainisha kuta za silinda pistoni zipitapo. Humrahisishia mchonga chuma kazi yake. Lakini kila gamba ni kama ufa mdogo uliokuwamo tangu siku ya kuzaliwa, na kwa hiyo chuma hiki ukikibana hustahimili mzigo wa ajabu, bali ukikivuta, ufa hulishika gamba moja, na gamba hilo likalishika la jirani yake, mpaka ukuta umepasuka wala haukupinda hata kwa kadiri ya unywele.

Wazee wetu hawakukizoea chuma cha namna hii. Al-Idrisi, mwanajiografia aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1154, aliwataja watu wa Malindi kuwa wachimbaji na wafanya biashara wa chuma. Lakini tanuri za Afrika ya zama hizo aghalabu hazikukiyeyusha chuma hata kikatiririka, bali zilikitoa kikiwa bonge la kufuliwa kwa nyundo. Methali tuliyorithi juu ya chuma ni ya kiwandani kwa mhunzi, ile ituambiayo kukipata kingali moto. Chuma kilichofuliwa hupinda kabla ya kukatika, na kwa kupinda kwake humwonya mwenyewe. Cha kalibu hakina onyo, na mtu aliyezoea kuonywa hukiona kuwa ni kitu chenye hila.

Hata hivyo hakina hila, kina masharti. Joto peke yake halikuivunja bloku ya ami, wala baridi peke yake. Kilichoivunja ni ule upesi wa moja kumpokea mwenziwe. Sehemu iliyoguswa na maji ya kisima ilitaka kusinyaa papo hapo, na sehemu ya jirani yake, iliyokuwa ingali na moto, haikuwa tayari kusinyaa, na baina ya kutaka kwa hii na kukataa kwa ile, chuma kisichojua kuvutwa kikavutwa. Huko lilikozaliwa trekta lile, wakulima huchelea jambo lililo kinyume: mtu akisahau kuyatoa maji injinini jioni ya baridi kali, asubuhi huikuta imepasuka ubavu, kwani maji yagandapo hupanuka kwa takriban sehemu tisa katika mia, na chuma hakina pa kuyapeleka. Sababu ya kule ni baridi na ya huku ni jua, lakini ukiziweka bloku mbili hizo kando kando, fundi wa Coventry na fundi wa Muheza watakuonyesha ufa mmoja.

Ami yangu, ambaye kila siku trekta lisipolima huihesabu kuwa ni siku iliyoibwa, alipomwona fundi analizunguka tu bila kushika kijiti cha kuchomelea, alimkumbusha methali ambayo kila Mswahili amelelewa nayo, kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi alicheka kwa adabu.

“Mzee wangu,” akasema, “methali hiyo ni ya ukuta wa udongo, na kwa udongo ni haki kabisa. Ufa wa chuma ukiuziba nawe hujajua unakokomea, unakukimbia.”

Kauli hiyo ilinifuata mpaka nyumbani, nami kesho yake nikarejea nione vipi ufa hutafutwa. Injini ilikuwa imekwisha kufunguliwa yote, imebaki bloku tupu juu ya magogo, imesuguliwa na kuoshwa mafuta ya miaka. Fundi alipaka mafuta ya taa pale palipokuwa na ufa, akayaacha yazame, akapangusa kwa kitambaa mpaka chuma kikakauka, kisha akapaka unga wa chaki juu yake, tukangoja kwa kadiri ya mtu kumaliza kikombe cha kahawa. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yakaanza kurudi nje, yakichora mstari mweusi katika weupe wa chaki, taratibu, kama mtu anayeandika jina lake kwa kusitasita. Na ufa ule, ambao kwa macho yetu jana ulikuwa na urefu wa shibiri haba, katika chaki ulionekana umekwenda mbele zaidi kwa upana wa vidole viwili, upande ambao sote tungeliapa kuwa ni mzima.

Hapo fundi alichukua drili, akatoboa tundu dogo mbele kidogo ya kila ncha ya ufa. Nilistaajabu kuona uganga wa kitu kilichopasuka unaanza kwa kukitoboa, lakini jambo lenyewe lina hoja. Mwaka 1913 mhandisi wa Cambridge, C. E. Inglis, aliwaonyesha wajenzi wa merikebu kwa hesabu kwamba nguvu ilivutayo bamba hujikusanya katika ncha ya ufa, na kadiri ncha ilivyo kali ndivyo nguvu hiyo inavyozidi, hata mvuto mdogo, usiodhuru mahali pengine, ukatosha kuusukuma ufa mbele. Tundu la duara, kwa kuwa halina ncha, huitawanya nguvu hiyo. Ufa ukifika kwenye tundu hukosa ukali wa kuendelea. Aliyelitoboa, basi, ameuwekea ufa mpaka, na kazi ya kuuziba yaweza sasa kuanza bila hofu.

Njia za kukiunga chuma hiki ni kadhaa, na fundi alitutajia tatu kama tabibu atajavyo dawa. Ya kwanza ni ya moto mkuu: bloku nzima huzungushiwa matofali na mkaa, ikapashwa kwa saa nyingi mpaka gizani uonekane wekundu hafifu, ikaungwa ingali katika joto hilo, kisha ikafukiwa katika majivu au chokaa ipoe mchana na usiku. Ya pili haitumii moto kabisa: ufa hutobolewa matundu yanayopandana, na kila tundu hukazwa msumari wa nyuzi unaomng'ata mwenziwe wa jirani, mpaka ufa wote ukageuka mshono, na alipoieleza hiyo niliwakumbuka waliounda mtepe huko Lamu, wakashona mbao kwa kamba za nazi bila msumari, na chombo kikaenda baharini. Ya tatu ni ya moto mdogo mdogo, ya umeme na vijiti vya nikeli, nayo ndiyo aliyoichagua, kwa kuwa ufa ulikuwa katika ukuta wa njia ya maji wala haukugusa silinda, na moto mkuu ungeliweza kuzipotosha silinda hizo zilizo nzima.

Aliuchimba ufa ukawa mfereji wenye umbo la herufi V, akapitisha moto juu yake kuyafukuza mafuta yaliyosalia, kisha akaanza. Alichomelea kipande kisichozidi pingili moja ya kidole, akaacha. Akainua kinyago, akakigonga kile kipande kwa nyundo ndogo kingali chekundu, mapigo mepesi mengi, kwa sababu chuma kilichoyeyuka hupoa kikisinyaa, na kikisinyaa huvuta, na nyundo hukinyoosha kisivute. Baada ya hapo aliweka kiganja juu ya bloku, kando ya kiungo. Kama hakuweza kuhesabu mpaka kumi bila kuuondoa mkono, alikaa. Akiweza, alichomelea kipande cha pili, si karibu na cha kwanza, bali upande wa mbali, ili joto lisirundikane mahali pamoja. Nikamwuliza kwa nini asitie maji ipoe upesi. Akaniambia kuwa chuma cha kalibu kikipozwa kwa haraka hugeuka cheupe na kigumu kama kioo, drili isikiingie, na kikapasuka pembeni mwa kiungo, mahali pale pale ulipodhani umekwisha kupaponya. Kwa desturi hiyo, shibiri moja na vidole viwili vya ufa vilituchukua siku mbili, na sehemu kubwa ya siku mbili hizo ilikuwa kungoja.

Katika kungoja kule palikuwa na jambo jingine lililopasuka. Ami hakuwa amesema na dereva tangu siku ya msiba, na nyumbani alikwisha kutangaza kuwa kijana ataondoka mara trekta litakapopona. Fundi, kwa kujua au kwa kutojua, alitoa sharti kuwa dereva ndiye amshikie taa. Kwa hiyo usiku wa kwanza walikuwa pale wote wawili, mmoja kajikalia juu ya gurudumu, mwingine kasimama na taa, na ukimya baina yao ukawa mzito hata mimi, ambaye ukimya hunielemea, nikaanza kusimulia habari za merikebu.

Nilisimulia jinsi ambavyo Aprili 1917, Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, merikebu za Kijerumani zilizokuwa zimejifungia katika bandari zake tangu 1914 zilitwaliwa na serikali, lakini mabaharia wake walikuwa wamekwisha kuzivunja silinda za mashine zake za mvuke, wakiwa na yakini kuwa chuma cha kalibu hakiungiki, na kuwa kusubu silinda mpya kutawachukua adui zao muda mrefu mno. Wanamaji wa Marekani wakaziunga kwa kuchomelea kwa umeme na kwa viraka, na kabla ya mwaka kwisha merikebu ya Friedrich der Grosse, iliyopewa jina jipya la Huron, ilikuwa ikivusha askari kwenda kupigana na nchi ya walioivunja. Nikaongeza kuwa miezi tisa kabla ya hapo, Julai 1916, Wajerumani wengine, katika ziwa letu la Tanganyika, waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Goetzen ili isitekwe, lakini kabla ya kuizamisha walizipaka mashine zake grisi nene, wakiazimia kuirudia siku moja. Hawakuirudia. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarejea kazini kwa jina la Liemba, ambalo hata leo watu wa Kigoma hawahitaji kuelezwa.

Ami alinyamaza kitambo. “Wote walikuwa watu wa dola moja?” akauliza.

“Ndiyo, ami.”

“Na wote walijua kuwa wanaondoka.”

Sikuwa na la kujibu. Fundi aliweka kiganja juu ya chuma, akahesabu, akakiondoa, bado. Kisha ami, bila kugeuka, akasema, “Debe lile la kisimani, ulilirudisha?”

“Nililirudisha, baba,” akajibu dereva.

Hayo ndiyo yaliyosemwa usiku ule, wala sidai kuwa yalikuwa mengi. Lakini nimehudhuria mabaraza mengi ya suluhu, ya ndoa na mirathi na mipaka ya mashamba, na nakiri, si bila haya, kuwa mara nyingi nilikuwa miongoni mwa wanaoharakisha fatiha isomwe, mikono ipeanwe, kahawa iletwe, kabla ya mtu yeyote kuuliza ugomvi umefika wapi upande ule usioonekana. Tuliziba, na tuliziba vizuri. Baada ya miaka, ufa ukaibuka mahali pengine, baina ya watoto wa wale waliogombana, nasi tukaushangaa kana kwamba umezaliwa siku ile. Methali ya wazee haina taksiri. Yataka ufa uzibwe, na hilo ni kweli. Sisi ndio tuliodhani kuwa kuziba ni kazi ya mkono peke yake, tukaacha ile ya kukaa na chaki tukingoja mafuta yajitokeze, ambayo haina shukurani, kwani anayeifanya huonekana kana kwamba anaurefusha ufa, ilhali urefu ule ulikuwapo kabla hajaja.

Siku ya pili jioni kazi ikaisha. Matundu mawili ya mwisho yalizibwa kwa skrubu na kuchomelewa juu yake, mafuta ya taa na chaki vikapakwa tena, tukangoja kikombe cha kahawa kimoja, kisha cha pili, na chaki ikabaki nyeupe. Ami, aliyefurahi hata akasahau kuificha furaha yake, akataka pale mahali papakwe rangi nyekundu, trekta lirudi nyumbani likiwa na heshima yake. Fundi alikataa.

“Ukipapaka rangi,” alisema, “pakianza kutoa jasho hutapaona.”

Kwa hiyo kovu lilibaki wazi, mstari mweupe wenye alama za nyundo, na kila mpita njia aliyeinama kulitazama trekta aliuliza habari yake.

Masika ya mwaka uliofuata nilikwenda shambani. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Usambara, na trekta lilikuwa limesimama katikati ya shamba, mkanda wa feni umekatika na mpya umekwisha kufungwa, injini ikiwa na joto na rejeta ikidai maji. Dereva alikuwa chini ya mwembe, debe limejaa kando yake. Alisimama, akaenda, akaweka kiganja ubavuni mwa bloku, karibu na kovu, midomo ikicheza; akauondoa mkono, akarudi kuketi. Ami alitokea upande wa barabara akija mbio mbio, akiitazama mvua na kuyahesabu matuta yaliyosalia, na nikajua kuwa maneno yalikuwa yamekwisha kumjaa kinywani. Alifika kwenye trekta, akasita. Akanyoosha mkono wake mwenyewe, akauweka pale pale, nikauona ukiondoka haraka.

Akaja mwembeni, akaketi. Wakangoja wote wawili, debe likiwa kati yao.